Meli Itakayopita Pale Alipo

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika. Daftari ni lile la vipimo vya wateja. Kurasa za nyuma zilibaki nyeupe, na mimi kutupa karatasi siwezi. Mbele wakae watu na viuno vyao, huku nyuma nitakaa mimi na mambo yangu.

Leo nimekwenda ofisi ya safari. Miaka minne naipita kwa mbali kama nadaiwa. Nimefunga duka saa nne, mteja wa mapazia akanuna, na anune. Mezani nimemkuta binti ana kucha ndefu nyekundu, sijui kwao vyombo anaosha nani. Akanionyesha picha za meli za starehe. Bwawa, watu wamelala pembeni wamepakwa mafuta.

"Mama, hii ni siku saba, bandari tano, muziki kila jioni."

"Mwanangu, mimi bandari sizitaki. Nataka maji."

Akacheka, akadhani namtania. Nikatoa ile barua ya kampuni, nikamwekea kidole penye tarakimu za mahali. "Nitafutie meli inayopita hapa."

Akaziingiza kwenye kompyuta. Ramani ikafunguka, buluu tupu. Akaivuta karibu, buluu. Akaisogeza mbali, mbali zaidi, mpaka nchi kavu ikachungulia pembeni. "Mama, mbona hapa hakuna kitu?"

"Yupo binti yangu," nikasema.

Basi hakucheka tena. Alinyanyuka akaniletea maji ya kunywa, na alipokaa alikaa upande wangu wa meza.

Nimwambie na atakayeliokota daftari hili, asije akahangaika. Binti yetu alikuwa dobi kwenye meli kubwa ya watalii. Kidole tumbo kilimpasukia katikati ya bahari, siku tisa kufika bandari yenye ndege ya kumrudisha. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na hatukuwa na mwingine. Wakamzika majini. Aliyepokea simu ni Mzee, mume wangu. Mimi nilikuwa juu ya ngazi natundika mapazia ya watu. Niliporudi nyumbani akaniambia, "Ni sheria ya meli. Hawakai na maiti." Miaka minne naamka nailaani sheria hiyo kabla sijapiga mswaki.

Jioni nimemweleza Mzee. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji ya muuza maziwa, tochi mdomoni. Akaitoa tochi. "Safari ya wapi, Fundi?" Ndivyo anavyoniita. Yeye fundi wa friji, mimi fundi wa cherehani, mtu akibisha hodi "Fundi!" tunaitika wote wawili.

Nikamwambia ya wapi. Akairudisha tochi mdomoni.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Zipu kumi na mbili. Mzee hajasema kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Kucha kanipigia simu. (Nimeshambatiza, na mwenyewe anaitika.) Kumbe meli za starehe nazo zina tabia. Nyingi zinaambaa na pwani, kwa sababu abiria wanataka kushuka kila asubuhi wakanunue vikofia. Za kwenda katikati ya bahari ni za aina mbili. Ziko zinazozunguka dunia nzima, miezi mitatu na zaidi. Na ziko zinazohama: upande mmoja wa dunia ukiingia baridi, kampuni inaitoa meli na kuipeleka upande wa pili kulikoanza joto. Ikihama haina haraka na bandari, inakata bahari moja kwa moja, na njiani inagusa visiwa ambavyo hata kwenye kalenda za ukutani huvikuti. Watu hawazigombanii. Wanaogopa kuchoshwa na maji.

"Kuna moja, Mama, siku kumi na sita mfululizo huoni ardhi. Wateja nikiwaambia hivyo wanakata simu."

"Mimi sijakata," nikamwambia.

Ana safari tatu. Ya siku sitini na mbili, inapita visiwa vya volkano na kisiwa kimoja kinachopata barua mara mbili kwa mwaka. Ya siku mia moja na nne, inazunguka dunia. Na hiyo inayohama, siku sabini na moja. Kwa kila moja kampuni inashikilia chumba wiki mbili; zikipita bila sahihi za abiria wote, kinaachiwa mwingine.

Nimezitaja mezani. Mzee akasema ya kwanza bahari yake mbaya mwezi huo.

"Wewe bahari umeijua lini? Beseni lenyewe unaliogopa."

Hata hakutabasamu. Zamani angenirushia kitambaa.

Jumatano, 12 Machi

Nimenunua ramani ya dunia, ile ya mashuleni, nimeipigilia misumari ukutani juu ya cherehani. Kucha kanichorea njia za meli zote tatu kwa kalamu tatu, na mimi nimeweka pini yenye kichwa cheusi pale alipo. Halafu nikachukua futi yangu ya shingoni nikapima. Meli ya volkano inapita nusu inchi kutoka kwenye pini. Nikafurahi. Nusu inchi ni kitu gani? Mtu akinenepa nusu inchi naachia mshono, maisha yanaendelea.

Kucha akasema nusu inchi ya ramani ile ni karibu maili mia tano.

Ile ya kuzunguka dunia inapita robo inchi. Hiyo inayohama, nilipolaza uzi juu ya njia yake, uzi uligusa pini.

Alhamisi, 20 Machi

Mwalimu Mkuu kaleta oda ya sare arobaini, anazitaka "juzi". Mgongo. Paa linavuja juu ya vitambaa vya bluu, si vyeupe, afadhali.

Jumamosi, 22 Machi

Tarehe ya chumba imepita. Nilikaa na fomu ya meli inayohama mezani tangu chai ya asubuhi. Mzee akaenda kwa muuza maziwa, akarudi, akaenda kwa muuza dawa, akarudi, akakumbuka amesahau bisibisi. Ofisi ilipofungwa ndipo akakaa.

"Meli ile ni ya zamani," akasema. "Nimeuliza. Mitambo yake mibovu."

"Umemuuliza nani?"

"Watu."

Watu! Mume wangu hana watu. Ana friji.

Kucha amekishikilia tena chumba.

Jumatano, 2 Aprili

Sasa ni presha yangu. Eti siku kumi na sita bila hospitali. Nimekwenda kwa daktari mwenyewe nimepimwa, kaniambia nina presha ya msichana. Nimemwekea Mzee cheti kwenye sahani, juu kabisa ya chakula. Akakihamisha, akala.

Jumamosi, 5 Aprili

Kimepita tena. Kucha kaomba kwa mara ya tatu, wamekubali mpaka mwisho wa mwezi wa tano kwa sababu kasimulia habari yangu. Baada ya hapo basi.

Naweza kwenda peke yangu. Akili ninayo, miguu ninayo. Lakini tulimzaa wawili, na sitaki kufika pale peke yangu kama mtu aliyempoteza peke yake.

Jumatano, 9 Aprili

Tumegombana. Nimemwita bahili. Fedha za rambirambi za kampuni ziko benki tangu mwaka ule, hazijaguswa, na zinatosha. Akasema, "Fedha si tatizo."

"Tatizo nini basi?"

Akaanza kuipangusa tochi yake.

Nikamwita mwoga. Nikamwambia mwanao yuko chini ya maji hana hata jiwe la kumwonyesha mtu kwamba hapa yupo fulani, na wewe unanitajia presha na mitambo. Nikamwambia baba gani wewe. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi nipige kelele, na ukipiga kelele maneno yanatoka makubwa kuliko ulivyoyakata.

Alinyanyuka akaenda uani akaifungua friji ya bucha, akatia mkono wote ndani mpaka begani, akauacha humo. Siku hizi anafanya hivyo kwa kila friji. Ana vipimo vya kila aina kwenye sanduku, lakini eti mpaka ashike. Nilimcheka, nikamwambia umri unakunyang'anya ufundi.

Alhamisi, 10 Aprili

Hatusemeshani. Vifungo mia na sitini.

Jumatano, 16 Aprili

Kucha ana wazo. Anataka kuwaandikia kampuni kuwaomba meli ikifika pale ipunguze mwendo, hata kwa dakika kumi, nipate kusimama. Anasema kwa safari hizi ndefu manahodha huwa na nafasi, hawakimbizwi na bandari. Atawaomba na waangalie kumbukumbu zao za siku ile, wampe saa kamili na mahali kamili.

Nilimshika mikono nikambusu, na kucha zake zote. Tazama jinsi tunavyohukumu watu. Siku ya kwanza nilimwona mapambo matupu, leo ndiye anayemtafuta mwanangu, na aliyemzaa anatafuta bisibisi.

Alhamisi, 24 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyotokea.

Kucha kanipigia saa tano, sauti imejaa furaha. Majibu yamekuja. Nikatupa kazi, nikaenda na mvua yangu. Akanikalisha, akageuza kompyuta. Nahodha wa meli inayohama amekubali. Atapita juu ya mahali penyewe, atasimamisha mashine robo saa. Nikalia, Kucha akalia, wino wa macho ukamtiririka.

"Na kumbukumbu wameleta, Mama. Nikusomee? Ziko vizuri, utafarijika."

Nikasema soma.

Akasoma saa aliyofariki. Akasoma majina ya waliosimama, wenzake wote wa chumba cha kufulia, na kwamba walimvisha nguo zake safi walizopiga pasi wao wenyewe. Hapo nilifarijika kweli. Halafu akaendelea, kwa sauti ileile: "Familia ilipigiwa simu na kuachiwa uamuzi. Chumba baridi kilikuwa kizima na nafasi ilikuwepo ya kumhifadhi marehemu hadi bandarini. Baba wa marehemu alichagua azikwe baharini. Matakwa ya familia yakafuatwa."

Akanitazama akitabasamu. "Umeona? Walifuata matakwa yenu."

Nikamwambia, "Rudia."

Akarudia. Katikati ya kurudia ndipo uso ukamwanguka, akaelewa kwamba mimi nilikuwa sijui.

Nimetembea mpaka nyumbani. Mwavuli nilikuwa nao mkononi, sikukumbuka kuufungua. Mzee alikuwa mlangoni. Nikamuuliza neno moja tu: "Sheria?"

Alielewa papo hapo. Hakuuliza sheria gani. Alikaa chini, kwenye sakafu penyewe, mgongo mlangoni, na mvua inamnyeshea miguu.

Nimehamia chumba cha cherehani. Nimejifungia.

Ijumaa, 25 Aprili

Miaka minne. Kumbe angerudi.

Jumamosi, 26 Aprili

Ningekuwa na kaburi. Ningeenda na jembe langu nikapalilia. Nimewaza hilo jembe siku nzima.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua haikatiki. Mwalimu Mkuu kaja kuchukua sare, akasema, "Fundi, macho vipi?" Nikamwambia vumbi la pamba. Mzee anagonga mlangoni mara mbili kwa siku, anaacha chai. Ya asubuhi namwaga, ya jioni nakunywa. Mwili hauna haya.

Jumapili, 4 Mei

Leo amesema.

Nilifungua mlango baada ya chakula cha mchana kwa sababu nilikuwa nimeishiwa na hasira ya kufungia. Akaingia, akasimama chini ya ramani. Nikamwambia kaa. Akakaa kwenye kiti cha wateja, pale ninapowapimia suruali, mikono juu ya magoti.

"Walinipa dakika ishirini," akasema. "Daktari wa meli, mtu mwema, anaongea taratibu. Akaniambia pole. Akaniambia wanaweza kumweka chumba baridi siku tisa, kisha ndege. Au wamzike pale kwa heshima. Nichague."

"Ukachagua."

"Ngoja. Nilikuwa na friji mbele yangu nimeifungua, Fundi. Sikuwa na akili nyingine. Nikamuuliza swali la kazi. Nikamuuliza, hicho chumba baridi kinasoma digrii ngapi? Akaenda kuangalia. Akarudi akasema, thelathini na nane."

Akanitazama kuona kama nimeelewa.

"Thelathini na nane ni joto la mtu mwenye homa. Nikasema moyoni, chumba kimekufa, na hawa hawajui. Siku tisa. Mimi nimefungua friji za bucha umeme umekatika siku mbili tu. Najua kilichomo. Nikakuona wewe unafungua lile sanduku. Ungelifungua. Nani angekuzuia? Nikasema, mzikeni. Nikasema haraka, kabla sijashindwa."

Nilikuwa nimeanza kumwelewa. Mungu ananiona, nilikuwa nimeanza kunyanyua mkono nimguse. Nikasema, "Kwa nini hukuniambia hivyo tu? Ningekubali."

"Kwa sababu kilikuwa hakijafa."

Miezi mitatu baada ya maziko, akasema, muuza dawa alimletea friji ya chanjo, ya zamani, imetoka ng'ambo. Akaifungua, ina ubaridi safi kabisa, mkono unaingia ganzi. Akatazama kipimo chake ili aandike. Kikasoma thelathini na nane.

"Ni hesabu nyingine," akasema. "Ziko nchi zinapima hivyo, na meli zao hivyohivyo. Thelathini na nane ya kwao ni tatu ya kwetu. Tatu, Fundi! Ningepewa mimi kazi ya kukitengeneza chumba kile, ningekiweka tatu. Kilikuwa sawasawa. Alikuwa salama mle ndani. Angefika kama amelala. Mimi, miaka thelathini nakula kwa friji, nimemtupa mwanangu baharini kwa kutojua kusoma kipimo."

Alilia. Sijawahi kumwona, hata siku ile hakulia. Analia vibaya, kama mtu anayetapika. Na mimi nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Nitaandika moja tu, ili nisijifanye mwema: nilimwambia laiti simu ile ningepokea mimi. Nikamuuliza, kwa nini hawakunipigia mimi? Mama si mimi? Kwa nini wakupigie wewe, mtu wa vipimo?

Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Acha, Fundi."

"Siachi. Kwa nini wewe?"

"Wanapiga kwa aliyeandikwa."

"Kwani hatukuandikwa wote?"

Akatazama sakafu. Ilikuwa imejaa vipande vya nyuzi za bluu. Ndipo nikajua, hata kabla hajajibu. Binti yetu alikuwa ameandika namba moja tu, ya baba yake.

Nilikuwa sijasema naye miezi mitano. Nilitaka achukue duka. Nilikuwa nimeshamnunulia cherehani yake, mpya, ya umeme, na yeye akasema anakwenda kufua mashuka ya wageni baharini. Nikamwambia nenda, lakini usinipigie simu kunisimulia mawimbi. Akanipigia mara tatu. Mara tatu niliona namba ngeni ndefu, nikaigeuza simu kifudifudi nikaendelea kushona.

Mzee alilijua hilo la fomu miaka yote minne. Daktari alimwambia. Lake alilificha kwa aibu, nakubali. Lakini hili la pili hakulificha kwa ajili yake, alilificha kwa ajili yangu.

Jumatatu, 5 Mei

Sikushona.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika ili nione mwenyewe nilivyo. Asubuhi namchukia. Mchana namwona uani ametia mkono kwenye friji mpaka begani, macho kayafumba, anahesabu, na chuki haikai. Nilimcheka kwa mkono ule! Jioni namchukia tena, safari hii na mimi nimo. Mtu akinitaka nieleze nani alimkosea binti yule zaidi, nitaomba muda.

Kucha kaja dukani, kaniletea kitambaa cha gauni ambacho hakihitaji. Akasema, "Mama, nisamehe kwa kusoma vile." Nikampima. Nikamwambia mwanangu wewe ulisoma tu, walioandika ni sisi.

Jumatano, 14 Mei

Mvua inapungua. Inakuja mchana, inaosha vumbi, inaondoka.

Mzee kaja mlangoni na bahasha. Picha ndogo za pasipoti, nne, macho kayakodoa kama mwizi aliyekamatwa. Akaziweka juu ya meza ya kukatia. "Nitakwenda," akasema. "Kama utakataa niende, pia sawa. Lakini nilichokuwa naogopa ni wewe kujua. Sasa unajua, sina cha kuogopa tena isipokuwa pale penyewe."

"Umezipiga umevaa shati lenye kola iliyochakaa," nikamwambia.

"Hukunishonea jingine."

"Mtu ananinyima mwanangu nimshonee na shati?"

Lilitoka tu. Akatikisa kichwa, akalipokea neno. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama, nikaona kola ile kweli imekwisha, imetoka nyuzi.

Jumapili, 18 Mei

Nimemkatia shati. Halina maana yoyote, kitambaa kilibaki.

Ijumaa, 23 Mei

Leo hakuna mvua kabisa, barabara zimekauka.

Tumekwenda ofisi ya safari, wawili, yeye mbele mimi nyuma, kisha mimi mbele. Kucha alikuwa ameshatayarisha kila kitu. Meli inayohama, siku sabini na moja. Siku ya ishirini na nne, saa nne asubuhi kama bahari ikiwa tulivu, nahodha atasimamisha mashine.

"Chumba chenu kina dirisha," Kucha akasema. Halafu akasita. "Kitanda kimoja au viwili?"

"Viwili," nikasema.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Kucha akaandika bila kututazama, binti mwenye adabu.

Akatupa fomu, kila abiria yake. Nikajaza yangu haraka, mimi nimezoea kuandika vipimo vya watu. Mzee anaandika polepole, herufi kubwakubwa kama za kwenye risiti zake. Nilimaliza, nikakaa namsubiri. Kalamu yake ikawa imesimama. Nikadhani miwani, nikachungulia.

Mstari ulisema: mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura.

Kucha akamwambia kwa upole, "Baba, andika yeyote tu. Ndugu, jirani, hata yule muuza maziwa."

"Simpi mtu simu hiyo," akasema. Alisema kwa sauti ndogo sana, Kucha ikabidi ainame. "Simpi mtu."

Sijamsamehe. Naliandika hapa waziwazi, nisije nikajidanganya baadaye. Lakini nilimwona ameketi na mstari ule kama alivyoketi siku ile, peke yake, na dakika ishirini, na mimi niko juu ya ngazi ya watu, simu nimeizima mwenyewe kwa mdomo wangu. Nikamtoa kalamu vidoleni. Nikavuta fomu yake upande wangu, nikaandika jina langu, na namba yangu, tarakimu moja moja, nikazirudia kuzikaza wino.

Kucha akasoma kichwa chini. "Lakini Mama, wewe utakuwa melini pamoja naye. Wanataka mtu aliyebaki nchi kavu."

"Acha hivyohivyo," nikamwambia. "Safari hii wanipigie mimi."